Mtoto Aliyekunywa Mafuta ya Taa: Je, Apewe Mkaa?

SWALI: Mtoto wa jirani yetu, mwenye umri wa miaka miwili, alikunywa mafuta ya taa yaliyokuwa yamewekwa kwenye chupa ya soda. Bibi mmoja alitwanga mkaa wa jikoni, akaukoroga kwenye maziwa na kumnywesha, akisema kwamba hata hospitalini sumu huondolewa kwa mkaa. Je, ni kweli? – Msomaji, Morogoro.

JIBU: Bibi huyo hakulizua jambo hilo, kwani ni kweli hospitalini mkaa hutumika, ila si ule wa jikoni, tena si kwa mafuta ya taa. Mkaa wa hospitalini ni unga laini uliotengenezwa kwa joto kali na mvuke hadi ukajaa vitundu visivyoonekana kwa macho, ambavyo hunasa sumu ingali tumboni, kabla haijaingia kwenye damu. Mkaa wa kupikia haukuandaliwa hivyo, hata ukitwangwa na kuchekechwa mara ngapi.

Unga huo husaidia zaidi pale mtu alipomeza dawa kupita kiasi, kwa mfano aspirini, kwinini au fenobabitali, hasa akiwahishwa ndani ya saa moja. Mtu mzima hupewa takriban gramu 50, na mtoto mdogo gramu 1 kwa kila kilo ya uzito wake. Haunasi pombe wala madini ya chuma, na aliyekunywa tindikali hapewi kabisa. Mgonjwa anayesinzia naye hanyweshwi, kwa sababu ukimpalia na kuingia mapafuni, humletea balaa jingine.

Kwa mafuta ya taa, hatari kubwa iko mapafuni kuliko tumboni. Mtoto akitapika, mafuta huweza kuvutwa pamoja na pumzi na kusababisha nimonia, na kwa hiyo kumtapisha kwa kidole au maji ya chumvi, au kumjaza maziwa (desturi ambayo, kwa bahati mbaya, imeota mizizi katika nyumba nyingi), ni kumwongezea hatari. Mvueni nguo zilizolowa, muosheni ngozi kwa sabuni, kisha mumkimbize hospitalini pamoja na chupa yenyewe. Hata akionekana mzima, anastahili kuangaliwa huko kwa muda wa saa 6 hivi, kwa kuwa kikohozi na kuhema haraka haraka huweza kuanza baadaye.