Kamba wa Naivasha kwenye bwawa la Malindi?
Kaka, ukiwatia kamba wekundu wa Naivasha (kamba wa maji baridi) bwawani wakulie konokono wanaoeneza kichocho, kweli watakula konokono hao. Shida ni kwamba hawaishii hapo. Asili yao ni kusini mwa Marekani, wakaletwa Naivasha mwaka 1970, na hawachagui chakula. Wadogo hupendelea nyama: viluwiluwi, minyoo, konokono. Wakubwa hula zaidi majani na mabaki yaliyooza, tena hukata mashina mengi kuliko wanayomeza. Mayungiyungi ya Naivasha yaliathirika sana. Mayai ya samaki wako nayo yamo. Hata mwenzao aliyetoka kuvua gamba, angali laini, humla. Na usiku wa mvua hutembea nchi kavu. Wakifika mto Sabaki, nani atawatoa?