Barua kwa mwanangu kuhusu chupa ya Bibi Pinkham

Tanga, Jumapili jioni

Mwanangu mpendwa,

Salamu nyingi zikufikie huko Massachusetts. Sisi huku hatujambo. Baba yako anaendelea vizuri na mguu wake, na mvua za vuli zimeanza kwa nguvu kiasi cha kunisombea mchicha wote. Barua yako niliipata Jumanne, pamoja na picha ya ile chupa uliyoinunua kwenye mnada wa vitu vikuukuu, yenye lebo iliyochorwa uso wa mama mmoja mpole na jina la Lydia E. Pinkham. Uliniuliza mambo mawili kwa mpigo: je, mama huyo alikuwa tabibu au tapeli, na kama alikuwa tapeli, marehemu bibi yako wa Muheza, aliyetunywesha mizizi kila tulipokohoa, alikuwa na tofauti gani naye? Nimekaa nyuma ya dirisha la dawa kwa miaka 31, na swali hilo la pili ndilo lililonikosesha usingizi.

Ili niwatendee haki watu wa zamani, sina budi kuanza na madaktari wenyewe, kwa maana huwezi kuelewa kwa nini Wamarekani wa karne ya 19 waliwakimbilia wauza mitishamba kabla ya kujua walikuwa wakimkimbia nani. Daktari aliyesoma wakati ule alitegemea zaidi vitu viwili: wembe wa kutolea damu, na kalomeli, ambayo ni chumvi ya zebaki. George Washington alipougua koo mnamo Desemba 1799, alitolewa damu mara nne ndani ya siku moja, kwa makadirio ya kawaida zaidi ya lita 2, na akafariki usiku wa siku hiyo hiyo. Kalomeli nayo ilimfanya mgonjwa atiririkwe na mate, fizi zikavimba, meno yakalegea, na tabibu akaridhika kwamba dawa imeanza kufanya kazi.

Mmoja wa waliochoshwa na hayo alikuwa Samuel Thomson, mtoto wa mkulima aliyezaliwa mwaka 1769 huko Alstead, New Hampshire. Mimea alifundishwa na mwanamke mmoja wa jirani aliyewatibu watu kwa majani na mizizi, na akiwa bado mdogo alitafuna mmea uitwao lobelia, akagundua kwamba unatapisha vibaya sana, kisha akawa anawadanganya watoto wenzake wautafune ili apate kuwacheka. Mama yake alifariki mwaka 1790 akiwa mikononi mwa madaktari, na Thomson hakulisahau jambo hilo maisha yake yote. Alijijengea imani kwamba joto ndio uhai na baridi ndio mauti, kwa hiyo tiba yake ikawa kumtapisha mgonjwa kwa lobelia, kumpa pilipili kali, na kumfukiza kwa mvuke. Wewe uliyekuwa ukilia chini ya blanketi wakati bibi yako anakupiga nyungu ungemtambua mara moja.

Mwaka 1809 alishtakiwa kwa mauaji baada ya kijana aliyemtibu kufariki, akaachiwa huru. Mwaka 1813 alifanya jambo ambalo mganga wetu wa kijijini asingeliwaza: alikwenda serikalini akapewa hataza, yaani hati ya kumiliki uvumbuzi, kwa ajili ya mfumo wake wa tiba, na tangu hapo akawa anauza haki ya kuutumia kwa dola 20 kwa kila familia, huku mnunuzi akiahidi kutomfunulia siri mtu ambaye hajalipa. Mwenyewe alidai kuwa na wafuasi wanaofika mamilioni. Wafuasi hao walipiga kelele hadi majimbo mengi yakafuta sheria zilizowataka matabibu wawe na leseni, New York ikiwa miongoni mwao mwaka 1844. Ninamwonea Thomson huruma, na tena ninamstahi, kwa sababu dai lake kwamba mtu wa kawaida anaweza kuujua mwili wake halikuwa dai la kipumbavu, na mgonjwa aliyepewa pilipili na mvuke alikuwa na nafasi nzuri ya kupona kuliko yule aliyejazwa zebaki. Lobelia, hata hivyo, ni mmea wa hatari, na mlango ule alioufungua haukupitwa na yeye peke yake.

Hapa nikueleze jambo moja linalowachanganya wengi. Dawa za chupa za karne ile zilikuwa zikiitwa dawa za hataza, ilhali nyingi hazikuwa na hataza yoyote. Jina hilo lilitoka Uingereza, ambako zamani mfalme alikuwa akitoa hati maalumu kwa watengenezaji aliowapendelea. Mwenye kuomba hataza ya kweli analazimika kueleza wazi kitu chake kimetengenezwa vipi, na hilo ndilo wauza chupa hawakulitaka. Walichosajili ni jina, umbo la chupa na picha ya lebo, na yaliyomo ndani wakayafunga kifuani mwao.

Sasa nikufikishe kwa Bibi Pinkham wako. Lydia Estes alizaliwa mwaka 1819 katika mji wa Lynn, huko huko Massachusetts, kwa hiyo chupa yako haikusafiri mbali. Alikulia katika familia iliyopinga utumwa waziwazi, na Frederick Douglass, mtumwa aliyetoroka akawa mnenaji mashuhuri, aliishi kwa muda katika mji huo huo na kufahamiana nao. Kwa miaka mingi Lydia alikuwa akichemsha dawa ya matatizo ya kike kwenye jiko lake na kuwagawia majirani bure. Mgogoro wa fedha wa mwaka 1873 ulipomfilisi mumewe, familia ikabaki haina kitu, na mwaka 1875 wakaanza kuuza ile dawa ya bure kwa dola 1 kwa chupa. Wanawe walisambaza vipeperushi mitaani, na mwaka 1879 wakaamua kutumia picha ya mama yao katika matangazo. Uamuzi huo ndio uliowatajirisha, kwa sababu mwanamke aliyeona haya kumweleza daktari mwanamume habari za hedhi yake aliutazama uso ule akaona amempata mama.

Utashangaa kilichokuwemo ndani. Kulikuwa na mizizi ya mimea minne ya Marekani, mmojawapo ukiuzwa hadi leo huko uliko kwa wanawake wanaokoma hedhi, na pamoja nayo, kwa kipimo kilichozidi cha kila mzizi mmojammoja, kulikuwa na uwatu. Ndiyo, mwanangu, uwatu ule ule ambao bibi yako alinitilia kwenye uji siku nilipokuzaa, ili maziwa yatoke. Na juu ya hayo yote kulikuwa na alkoholi ya kiasi cha asilimia 18 hadi 20, yaani kali kupita mvinyo, kwa maelezo kwamba inazuia dawa isiharibike. Wanawake waliokula kiapo cha kutogusa pombe waliinywa kijiko baada ya kijiko wakijisikia nafuu, nami sishangai kwamba walijisikia nafuu. Lebo iliahidi kuponya hata kushuka kwa kizazi, jambo ambalo hakuna mzizi wala uwatu unaoweza kulirekebisha.

Lydia alifariki mwaka 1883. Matangazo yakaendelea kuwaalika wanawake wamwandikie Bibi Pinkham shida zao za siri, na barua zikaendelea kujibiwa, hadi mwaka 1905 gazeti moja la kina mama, Ladies' Home Journal, lilipochapisha picha ya kaburi lake. Kampuni ikajitetea kwamba Bibi Pinkham anayetajwa ni mkaza mwana. Utetezi wa aina hiyo hunichekesha na kunikasirisha kwa wakati mmoja. Kwa hiyo jibu la swali lako la kwanza ni hili: Lydia mwenyewe simwiti tapeli, kwa kuwa aliiamini dawa yake na aliwajibu kwa mkono wake wanawake ambao hakuna aliyewasikiliza, akiwashauri mambo ya usafi na chakula ambayo mengi yalikuwa ya maana. Waliowaandikia wagonjwa kwa jina la maiti, hao ni watu wengine.

Na yake ilikuwa dawa ya kistaarabu ukiilinganisha na nyingine. Tangu mwaka 1849 iliuzwa dawa ya maji ya kutuliza watoto wanaoota meno, kwa jina la Bibi Winslow, nayo ilikuwa na mofini, dawa kali ya usingizi itokanayo na afyuni. Watoto walinyamaza, na baadhi yao hawakuamka tena. Mama aliyeinunua hakuwa mzembe, kwani hakuna neno mofini lililoandikwa popote kwenye chupa. Nikiwa kazini niliwahi kuletewa mtoto wa miezi mitano aliyelazwa usingizi siku nzima na dawa ya kikohozi ya watu wazima, aliyouziwa mama yake katika duka moja la mtaani bila maelezo yoyote. Tangu siku ile sijaweza kuwacheka akina mama wa Bibi Winslow.

Nimlete sasa bibi yako. Usidhani nitasema kwamba yeye alikuwa salama kwa sababu alitumia majani. Unakumbuka John Kirk, yule balozi wa Uingereza aliyekaa Zanzibar miaka mingi? Kabla ya hapo alikuwa daktari katika msafara wa Livingstone kwenye mto Zambezi, na huko alihifadhi sampuli ya sumu ya mishale iitwayo kombe mahali pamoja na mswaki wake. Asubuhi moja aliposugua meno alionja uchungu, akahisi mapigo ya moyo yanakwenda polepole. Kutokana na taarifa hiyo mmea ukapelekwa Edinburgh, Profesa Thomas Fraser akauchunguza na kuupima, na ikapatikana dawa ya moyo iliyotumika hospitalini kwa miaka mingi. Kitu kile kile kilichomwangusha mnyama kilimwinua mgonjwa, na kilichobadilika ni kipimo tu. Bibi yako alipima kwa kiganja, na kwa mmea wa aina hiyo kiganja ni kikubwa mno. Nilimwambia hivyo akiwa hai, akaninunia wiki nzima.

Lakini alitofautiana na wauza chupa kwa mambo mawili. Alituonyesha mti, tukaujua, tukatumwa kuuchimba wenyewe, hivyo hakuna aliyekunywa asichokijua. Na kila aliyemtibu alikutana naye kesho yake kisimani, akiwa amepona au amezidiwa, na maneno ya watu akayasikia. Anayeuza chupa 1,000 kwa treni hakutani na mtu kisimani. Ndiyo maana tiba ya tatizo lile Marekani ilianzia kwenye lebo: mwandishi Samuel Hopkins Adams alipoanza kuzianika dawa hizo katika jarida la Collier's mwezi Oktoba 1905, na mkemia wa serikali Harvey Wiley akiwa amepigania jambo hilo kwa miaka mingi, Rais Theodore Roosevelt alitia saini sheria tarehe 30 Juni 1906. Sheria ile haikumkataza mtu kuuza. Ilimlazimisha aandike kiasi cha alkoholi, afyuni, mofini, kokeini na vitu vingine vichache vya hatari vilivyomo ndani ya chupa, na kwa dawa za aina ya Bibi Winslow kuandika tu kulitosha kuwatisha wateja.

Hapo ndipo nahitaji msaada wako, kwa sababu picha uliyonitumia imekatika upande wa chini. Chukua kioo cha kukuzia uisome lebo hadi mstari wa mwisho. Ukikuta asilimia ya alkoholi imetajwa, chupa hiyo ilijazwa baada ya sheria kuanza kutumika tarehe 1 Januari 1907. Usipoiona, na kama lebo haijachanika, huenda umepata ya zamani zaidi. Niandikie namba utakayoiona. Na kama kuna masalia yaliyokauka ndani, yasuuze kwa maji ya moto, wala usiyaonje; nakujua.

Baba yako anakusalimu, na anauliza kama ile chupa ina kizibo.

Mama yako