Kwa nini kanisa la Maesyronnen linafanana na nyumba ya mkulima

Ndugu, umeuliza kwa nini kanisa la Maesyronnen, kule Powys nchini Wales, halina mnara. Waliolijenga walikuwa Waprotestanti waliojitenga na Kanisa la Anglikana. Kabla ya sheria ya mwaka 1689 kuwaruhusu kuabudu hadharani, walikutana kwa kificho, majumbani na mashambani. Walipojenga, miaka ya 1690, walitumia mawe na umbo la nyumba za pale pale kijijini. Hata leo mwisho wa jengo kuna nyumba ndogo ya kuishi iliyoungana nalo.

Ila usiishie kutazama nje, ingia ndani. Mimbari haiko mwishoni kama ulivyozoea, imewekwa kwenye ukuta mrefu. Hapo ndipo ilipo imani yao yote: Neno ndilo kiini cha ibada, kwa hiyo kila mtu akae karibu na mhubiri amsikie vizuri. Madhabahu hakuna, kuna meza tu ya Chakula cha Bwana. Kuta ni nyeupe na vioo vya madirisha havina picha za watakatifu. Mabenchi ya mbao ni ya zamani sana, na kwa maoni yangu hayo ndiyo hazina kubwa kuliko kuta zenyewe, maana makanisa mengi ya aina hii yalibadilishiwa samani zote karne ya 19.

Ukipenda kulinganisha, tazama pia kanisa la Loughwood kule Devon, Uingereza. Hilo ni la Wabaptisti, paa lake ni la nyasi, na kisima cha ubatizo kimefichwa chini ya sakafu.