Ya mama yako kamwombe mwenyewe

Mwanangu,

Umeniuliza kama mtu anaweza kutengeneza filamu ya maisha yake bila kuwaanika watu wa nyumbani kwake, ukanitumia ile ya Fellini, mwongozaji wa Italia, ya 1963, 8½, niitazame kabla ya kujibu. Nimeitazama mara mbili. Mara ya kwanza nilisinzia, nakiri.

Nimecheka kuliko nilivyotegemea. Guido, mwongozaji mwenye jina, kajengewa jukwaa refu la vyuma la kurushia roketi, mtayarishaji anamkimbiza, waigizaji wanataka kujua wanacheza nani, naye hadithi hana! Kumbe hali hiyo ilimkuta Fellini mwenyewe. Alishaanza kumwandikia mtayarishaji wake barua ya kuiacha kazi, fundi mmoja akamwita washerehekee pamoja. Akaona aibu. Hapo ndipo akaijua filamu yake: ya mtu asiyekumbuka tena alitaka kutengeneza nini.

Lakini swali lako limekaa pale ukumbini, wanapotazama majaribio ya waigizaji. Luisa, mkewe Guido, yuko gizani na miwani yake, anamwona mwanamke mwingine akiigiza ndoa yake. Anatoka. Guido anamfuata, na huko nje anaambiwa yake.

Pale nikaisimamisha.

Wewe hujazaliwa, nilikuwa nikiandika michezo ya redio. Mmoja nilimpa mke wa mhusika maneno ya mama yako, yaleyale, ya usiku tuliogombana juu ya ada ya mdogo wangu. Ulipotangazwa, mama yako alikuwa barazani anachambua mchele na majirani. Wenzake wakacheka sana. Yeye akanyoosha mkono, akazima redio, akaendelea kuchambua. Wiki nzima alinipakulia chakula bila kuuliza kama chumvi imekolea.

Mwishoni Guido anawashikanisha wote mikono, wanazunguka kwa muziki wa Nino Rota, na Luisa yumo. Muziki mtamu. Luisa sikumwamini, aliyempanga kwenye duara lile ni mume.

Basi itengeneze filamu yako. Yangu nakupa yote, hata yale madeni. Ya mama yako usiyachukue kwangu. Kamwombe mwenyewe, na ukimaliza aone yeye kabla ya mtu mwingine yeyote.

Nimemwambia unakuja Jumamosi na kompyuta, una filamu unaiandaa. Ameniuliza kama ndani yake kuna redio.

Baba yako