Kuwakumbuka Wanawake wa Ravensbrück: Je, Yanatuhusu?

SWALI: Assalamu alaykum, Sheikh. Mimi ni mzaliwa wa Mombasa, ninaishi Ujerumani na mume wangu. Kila mwaka mwezi wa Aprili hufanyika kumbukumbu huko Ravensbrück, kaskazini mwa Berlin, kwa ajili ya wanawake waliofungwa katika kambi ya Manazi, na watu hutupa mawaridi ziwani. Jirani yangu, ambaye bibi yake alifungwa humo, amenialika. Kaka yangu ananikataza. Anasema wale walikuwa Mayahudi, hawatuhusu, hasa tukitazama yanayowafika ndugu zetu Palestina. Je, nikienda nitakuwa nimekosea?

JIBU: Wa alaykumu s-salaam warahmatullahi wabarakatuh. Dada yangu, hukukosea kuuliza, na kwenda kwako hakuna kosa, kwa mipaka nitakayoitaja.

Kwanza tuliweke sawa jambo la historia, kwa sababu hukumu haijengwi juu ya habari pungufu. Kambi ile ilifunguliwa mwaka 1939 na ikakombolewa na jeshi la Kisovieti mwishoni mwa Aprili 1945, na katika miaka hiyo waliandikishwa humo wanawake na watoto wapatao 120,000 kutoka nchi zaidi ya 30. Kundi kubwa lilikuwa la Wapolandi. Walikuwamo Mayahudi, Waroma (wanaoitwa pia Wajipsi), Mashahidi wa Yehova walioikataa amri ya Hitler kwa ajili ya imani yao, na wanawake waliokamatwa kwa kuwaficha wanaosakwa. Wala binti wa Kiislamu hakukosekana katika mateso hayo: Noor Inayat Khan, aliyelelewa katika nyumba ya masufi wa Kihindi nchini Ufaransa, alikamatwa Paris mwaka 1943 kwa kupeleka habari za siri kwa redio dhidi ya Manazi, akafungwa minyororo gerezani Pforzheim kwa miezi mingi, kisha akauawa katika kambi ya Dachau Septemba 1944.

Lakini sipendi jibu langu lisimame juu ya hoja hiyo, kana kwamba lau wote wangekuwa Mayahudi tungekuwa na ruhusa ya kugeuza nyuso. Imepokewa na Bukhari na Muslim kwamba jeneza lilipita mbele ya Mtume, rehema na amani zimshukie, naye akasimama. Alipoambiwa kuwa ni jeneza la Myahudi alisema, "Kwani si nafsi?" Maneno hayo yananitosha mimi, na ninamwomba Mwenyezi Mungu yamtoshe kaka yako pia.

Ama habari ya Palestina, machungu yake tunayo sote. Hata hivyo Qur'ani imetuamuru kwamba chuki ya watu isitupelekee kuacha uadilifu, na imesema kuwa mbebaji habebi mzigo wa mwingine. Mwanamke aliyekufa kwa njaa mwaka 1944 atabebaje mzigo wa mtu aliyezaliwa baada yake?

Tena kukumbuka dhulma waliyotendewa watu wengine si jambo geni katika ibada yetu. Tunafunga Ashura kwa sababu siku hiyo Mwenyezi Mungu alimwokoa Musa na Wana wa Israili kutokana na Firauni. Katika Suratul Buruj tunasoma habari za waumini waliochomwa katika mahandaki, wanaume kwa wanawake, huku waliowachoma wameketi wakitazama. Na msichana aliyezikwa hai ataulizwa Siku ya Kiyama kwa kosa gani aliuawa, yeye ambaye duniani hakuna aliyemuuliza neno.

Nami nitakutajia jambo moja la Ravensbrück ambalo halinitoki moyoni. Madaktari waliwapasua miguu wasichana wa Kipolandi zaidi ya 70, wakawatia vijidudu, vipande vya mbao na vigae vya kioo katika vidonda ili kuyafanyia majaribio maradhi ya askari waliojeruhiwa. Wafungwa waliruhusiwa kuandikia nyumbani barua fupi iliyopitiwa na wakaguzi, basi baadhi ya wasichana hao wakaandika ya kweli kwa mkojo katikati ya mistari ya wino. Kule Lublin, mji wa Poland, jamaa zao walizipiga pasi barua hizo, na kwa joto la pasi maandishi yakajitokeza: majina ya waliopasuliwa, na ya waliopigwa risasi. Fikiria, dada yangu, mtu mwenye kidonda kinachooza, ambaye hajui kama ataiona kesho, anahangaikia jina la mwenzake lisipotee. Huo ni ushahidi, na sisi tumekatazwa kuuficha ushahidi.

Kwa hiyo nenda, na ukiweza ufuatane na mumeo. Kusimama kimya kwa heshima na kutupa ua ziwani hakuna ubaya, maadamu hukuitakidi kuwa ni ibada. Zikisomwa sala za dini nyingine, nyamaza bila kushiriki. Usiwahukumie waliokufa pepo wala moto, kwani hesabu yao iko kwa Mola wao. Ziwa hilo la Schwedtsee ndimo yalimomwagwa majivu ya waliochomwa, nao hawana kaburi jingine. Basi ukifika ukingoni usiharakishe kuondoka, na umsikilize jirani yako akikusimulia habari za bibi yake mpaka amalize.

Wallahu a'lam.