Na huko Nandi nani ana chupa?

Mmeuliza wiki hii: "Mwanao wa shule ya msingi anajifunza nini darasani?" Wangu yuko gredi ya tatu. Daftari lake lina hesabu za kuzidisha na, kwenye mazingira, vyanzo vya maji. Mimi lakini kinachonichoma ni kazi zinazoletwa nyumbani: ni za mtoto au za mzazi? Juzi nimelipa saiba pesa za mboga ili nichapishiwe picha za mito, kwa rangi, na mto wenyewe, Nyando, unapita karibu na shule. Nilitaka kuandika kwamba zifutwe zote.

Ila iko moja inayonikatalia. Masika ya 2024, dada yake akiwa gredi ya nne, aliambiwa atengeneze kipimamvua. Tulikata chupa ya plastiki, tukapindua shingo yake ikawa faneli, rula tukaifunga ubavuni. Akaiweka mbali na mwembe, maana matone ya majani yangevuruga kipimo. Kila saa tatu asubuhi alisoma milimita na kuandika. Shule zilikuwa zifunguliwe tarehe 29 Aprili, zikaahirishwa kwa sababu ya mafuriko hadi 13 Mei, kwa hiyo daftari likajaa.

Asubuhi moja chupa ilikuwa na unyevu tu chini, ilhali maji yako mlangoni mwa jikoni. Sisi wa Ahero, huku bondeni, tumezoea: mvua ikinyesha milimani Nandi, Nyando inatuletea maji. Mtoto hakuwa ameyajua hayo. Alisimama na rula akidhani chupa imepasuka. Nyanya yake akamwonyesha milima: "Maji haya hayakunyesha hapa, mama. Yamenyesha kule." Akauliza, "Na huko nani ana chupa?"

Tulihamishia mbuzi na magodoro kwenye mwinuko. Yeye alibeba daftari ndani ya karatasi ya nailoni. Huko tulikohifadhiwa ndiko alikowaeleza wenzake kwamba milimita moja juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Akapigia hesabu paa letu: mita 40 za mraba, mvua ya milimita 10, lita 400. Nikakumbuka mitungi ya maji tunayonunua kila Januari. Sasa tuna mfereji wa mabati na tangi, na aliyedai viwekwe ni yeye.

Mwalimu alitia alama ya vema, akafunga daftari. Swali la Nandi halikuulizwa darasani, na hilo bado linaniuma.

Basi sitaki tena zifutwe. Za kuchapisha ziondoke, hizi za chupa na rula zibaki. Nasema hivyo nikijua mimi hushinda nyumbani. Jirani yangu huwa shambani kwa mpunga tangu alfajiri, na mwanawe alifika shuleni bila kipimo hata kimoja. Afadhali chupa iwekwe uwanjani mwa shule na watoto wote wapokezane kuisoma, kisha vipimo vyao vilinganishwe na vya shule moja ya Nandi.