Maswali ya Wasomaji: Datsun 240Z au 260Z?

SWALI: Mhariri, salamu. Nimepata Datsun mbili zinazouzwa hapa Mombasa: 240Z ya mwaka 1972 na 260Z ya 1975. Zinafanana mno, lakini ya zamani ni ghali zaidi. Kwa nini?
Msomaji, Kizingo

JIBU: Sehemu ya bei hiyo, kwa maoni yangu, ni sifa tu, kwani 240Z ndiyo iliyoshinda Safari Rally mwaka 1971 ikiendeshwa na Edgar Herrmann, na tena mwaka 1973 mikononi mwa Shekhar Mehta. Zote zina silinda sita. Injini ilikua kutoka lita 2.4 hadi 2.6, ila gari lenyewe liliongezeka uzito. Hakikisha pia kama hiyo 260Z ni ya viti viwili au vinne, maana ile ya vinne ni ndefu zaidi na kwa kawaida huuzwa kwa bei ya chini.

Hata hivyo, kwa hewa yetu ya chumvi, kutu ndiyo iamue: inua zulia, gonga sakafu kwa mpini wa bisibisi, kisha mwombe fundi atoe betri, kwa sababu bati lililo chini yake huoza mapema. Yenye bodi nzima ndiyo ya kununua, hata ikiwa ni 260Z.